Boti ya wanafunzi kutoka Manda hadi Shela msimu wa kusi

Muhula wa pili wa shule, unaoanza baada ya likizo ya Aprili na kumalizika Agosti, huangukia katikati ya kusi, upepo wa msimu utokao kusini, na kwa shule ya msingi yenye wanafunzi wanaovuka kutoka kisiwa cha Manda kuja Shela, kijiji cha kisiwa cha Lamu, usalama huanzia majini kabla ya kengele ya kwanza kulia. Uingereza mwalimu mkuu ndiye huamua asubuhi iwapo theluji imezidi kiasi cha kufunga shule. Kwetu nahodha humtangulia kuamua. Nikiwa mjumbe wa bodi ya shule iliyokodi boti hii kwa muhula mzima, naipima zaidi kwa zile asubuhi ambazo haikung'oa nanga.

Kwa hilo nahodha anastahili sifa. Hufuata tahadhari za Idara ya Hali ya Hewa, ambazo msimu huu hutaja pepo zinazozidi noti 25, yaani takriban kilomita 46 kwa saa, lakini haishii hapo. Mlango wa Shela umeelekea bahari kuu, na maji yanapotoka ilhali kusi inavuma kuingia, mkondo na upepo hukabiliana, mawimbi yakasimama wima na kufuatana karibukaribu, hata kama upepo wenyewe si wa kutisha. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida na mkondo ukiwa na nguvu zaidi, yeye husubiri maji yalegee, na watoto hukosa somo la kwanza. Baadhi ya wazazi hunung'unika. Bodi, kwa upande wake, imekubaliana na walimu kwamba anayechelewa kwa sababu ya boti asiadhibiwe, maana mtoto anayeogopa adhabu atatafuta mashua yoyote itakayokubali kumvusha.

Majaketi ya kuokolea maisha yapo na huvaliwa, jambo ambalo katika vyombo vingi vya abiria hapa Lamu halina hakika. Baharia humkagua kila mtoto kabla ya kupanda: hushika jaketi mabegani na kulivuta juu, na likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno kwake, hivyo hutafutiwa jingine. Tatizo ni kwamba yale madogo hayatoshi. Watoto wa gredi ya kwanza na ya pili hufungwa ya wakubwa na kukazwa kwa kamba kiunoni, na jaketi la namna hiyo humchomoka mtoto aliye majini. Turubai nalo huvuja, ila mvua ya masika haijamzamisha mtu.

Lawama yangu kubwa ni safari ya kurudi. Uamuzi hufanywa mara moja, asubuhi, ilhali upepo huzidi mchana, na siku ambazo maji hujaa mnamo saa nne, watoto wakitoka madarasani hukuta yanatoka. Siku moja walikaa gatini hadi karibu na magharibi, wazazi wa upande wa pili wakiwa hawana habari, kwa kuwa wenye boti hawakumpigia simu mtu yeyote.

Tutaikodi tena, kwa masharti mawili: majaketi madogo yanunuliwe kabla ya muhula kuanza, na nahodha awasiliane na mwalimu mkuu kila siku kabla ya adhuhuri, ili watakaoshindwa kuvuka watafutiwe mapema nyumba za kulala Shela.