Valvu ya silanga: ipi ununue, ipi uiache dukani

Ukienda hadwea Malindi mjini ukasema una silanga (bwawa la maji lenye tuta la udongo) huko Langobaya au Magarini, swali la kwanza ni "inchi ngapi?", na hapo ndo watu hupotea, maana kwanza ujue maji utayafungia upande gani wa tuta. Ukifunga upande wa nje paipu iliyozikwa ndani ya tuta inakaa na presha usiku na mchana, jointi moja ikivuja maji yanakula udongo polepole na wewe huoni kitu mpaka tuta litobokee nje.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni saifoni, hasa kama tuta lishajengwa. Yaani paipu iliyojaa maji inapita juu ya tuta na kuyavuta yenyewe hadi upande wa chini, hutoboi kitu. Huku pwani tuko karibu na usawa wa bahari, hewa inasukuma vizuri, kwa hesabu maji yangepanda karibu mita 10 lakini kwa kazi ya kweli usizidishe 6 toka uso wa maji hadi pale paipu inapopinda juu ya tuta. Adui yake ni hewa, jointi ikivuta kidogo tu maji yanakata na unaanza kujaza upya, basi weka futi valvu (ile inayozuia maji kurudi) mdomoni, koki mwishoni, na tii (kiungio cha njia tatu) yenye kifuniko pale juu ya kujazia.

Namba mbili, kwa tuta jipya: geti valvu (ile ya gurudumu, unazungusha kibati kishuke kifunge) nje na paipu nyeusi ya plastiki ya kuchomelewa, udongo ushindiliwe sawasawa kuizunguka. Geti valvu ifungue yote au ifunge yote, nusunusu inajila yenyewe. Bol valvu (ile ya mkono, robo mzunguko tu imefunga) ni bei nafuu na kwa inchi 2 sina neno, ila kwa paipu kubwa ndefu ukiifunga ghafla maji yanaipiga paipu mpaka inapasuka.

Bwawa la samaki? Elbo (kona ya paipu) tu na paipu ya kusimamisha, ukiilaza maji yanatoka. Valvu ya nini.

Mwisho kabisa mlango wa chuma upande wa ndani. Mainjinia wanaupenda kwa sababu paipu haibaki na presha, na ni kweli, lakini kwa tope letu hili, hili hili la mto Sabaki linalogeuza bahari ya Malindi rangi ya chai, mlango unaganda halafu nani apige mbizi? Na chumvi ya hewani nayo inala chuma.

Yoyote utakayochukua, mdomo wa paipu uinue toka chini na uuvishe chujio. Mafuriko nayo yanataka njia yake pembeni, usitegemee valvu. Kibali cha WRA (Mamlaka ya Rasilimali za Maji) pia ulizia kabla hujamwita fundi.