Uzoefu wangu na The Wall: mwalimu aliyekutana na kesi yake

Nafundisha sekondari, huu ni mwaka wa kumi na saba, na karibu miaka yote hiyo kuna wimbo mmoja nimeuchukia. Ni Another Brick in the Wall, mnaujua hata kama jina hamlijui. Kwaya ya watoto inaimba kwamba haihitaji elimu, na kwamba mwalimu awaache watoto. Kidato cha tatu huupata kila mwaka, sijui huwa wanarithishana vipi. Nikiwatazama wametulia, nikigeukia ubao, mmoja anaanza kuupiga kwa vidole juu ya dawati.

Albamu nzima yenye wimbo huo, The Wall ya Pink Floyd, bendi ya roki ya Uingereza, niliipata kwa muuza mitumba aliyetandaza redio na nyaya chini. CD mbili, kasha limepasuka, sh 8,000. Jalada ni ukuta mweupe wa matofali na hakuna kingine.

Kabla ya hapo nilishajaribu kuisikiliza kwenye simu nikashindwa. Programu niliyokuwa nayo, ile ya bure, ilikuwa inachanganya nyimbo inavyotaka na katikati inapachika tangazo. Nililipia mwezi mmoja, uchanganyaji ukaisha, lakini kati ya wimbo na wimbo kikabaki kimya kidogo, kama mtu anayekohoa. Kwa albamu nyingine si neno. Hii nyimbo zake zimeshonana: helikopta inakuja, mwalimu anamfokea mtoto asimame palepale alipo, wimbo mfupi unapita, halafu ukelele unakurusha moja kwa moja kwenye wimbo unaofuata. Kuisikiliza kwa vipande ni kama kusomewa utenzi na mtu anayeruka beti. Kwa hiyo ushauri wa kwanza kwa anayetaka kununua: tafuta CD, au santuri kama una uwezo, na utenge dakika 81.

Mimi nilitenga Jumamosi jioni. Mama watoto alikuwa anapepeta mchele, nami nikakaa na redio yangu ya zamani na karatasi ya maneno ya nyimbo, maana bila maneno hutaambulia kitu.

Kisa chenyewe ni cha mwanamuziki wa kubuni anayeitwa Pink. Kila aliyemuumiza anamwachia tofali, naye anajenga ukuta hadi anajifungia ndani. Tofali la kwanza ni baba aliyevuka bahari akaacha picha tu. Hapo si utunzi mtupu. Roger Waters wa Pink Floyd, aliyeandika sehemu kubwa ya albamu hii, alikuwa na miezi mitano tu baba yake alipouawa vitani Anzio, Italia, Februari 1944. Tofali la mwisho kabisa nalo ni lake: mwaka 1977, jukwaani Montreal, Kanada, alimtemea mate shabiki aliyekuwa akipiga kelele mbele, akajishtukia, na wazo la ukuta kati ya mwimbaji na watu wake likazaliwa. Albamu ilitoka Novemba 1979.

Halafu wakafika walimu.

Wimbo unaowahusu, ule unaotangulia kwaya ya watoto, hautimizi hata dakika mbili. Unasema walikuwepo walimu waliowaumiza watoto kwa kila njia, wakamwaga dhihaka juu ya chochote mtoto alichofanya na kufichua kila udhaifu wake hata aufiche vipi. Kisha unaongeza kwamba mji mzima ulijua: walimu haohao wakirudi nyumbani wanachapwa na wake zao. Nilimtafsiria mama watoto sehemu hiyo, akacheka mpaka ungo akauweka chini.

Mimi sikucheka. Fimbo sijawahi kuwa mtu wa fimbo, lakini mdomo wangu naujua. Mwaka 2014 nilisoma insha ya kijana mmoja mbele ya darasa, polepole, nikituama kwenye kila kosa ili wenzake wapate nafasi ya kucheka. Ilikuwa insha kuhusu mama yake. Darasa liliangua kicheko, nami nikajiona mwalimu hodari mwenye ucheshi. Yule kijana hakuniandikia tena zaidi ya nusu ukurasa mpaka anamaliza shule.

Ndipo ikaingia ile kwaya. Ule wimbo wangu wa kuchukiza, miaka yote nikiusikia kama jeuri ya watoto wavivu, sasa ulikuja dakika mbili baada ya aibu, na sauti zilezile zikawa kitu kingine kabisa. Walioimba ni wanafunzi 23 wa shule ya Islington Green, London. Mwalimu wao wa muziki (naam, mwalimu) ndiye aliyekubali waimbe, na sauti zao zikarekodiwa tabaka juu ya tabaka zisikike kama umati. Afrika Kusini wanafunzi waliogomea elimu ya ubaguzi waliufanya wimbo wao, na mwaka 1980 serikali ya makaburu ikaupiga marufuku. Serikali ile iliuelewa kuliko mimi.

Diski ya kwanza inaishia Pink akiaga dunia ya watu, tofali la mwisho likiwa limeshawekwa, kisha kimya. Inabidi unyanyuke ubadilishe diski wewe mwenyewe. Sikutegemea kwamba kitendo hicho kidogo kitanikaba koo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Diski ya pili ndiyo iliyonimaliza. Kuna wimbo wa piano ambao jamaa anahesabu alivyo navyo, mswaki, kitana, televisheni yenye chaneli kumi na tatu za upuuzi, halafu anasema akipiga simu nyumbani hakuna wa kupokea. Na kuna Comfortably Numb. Daktari anakuja kumdunga sindano ili aweze kupanda jukwaani: sauti ya daktari ni Waters, kavu, ya mtu mwenye haraka, sauti ya mgonjwa ni David Gilmour, mpiga gitaa wa bendi, inaelea mbali kama inatoka chini ya maji. Wawili hawa wanazungumza na hawasikilizani. Baada ya hapo gitaa la Gilmour linasema yale ambayo Pink ameshindwa kusema. Nimelisikia gitaa hilo kwenye redio za watu mara nyingi, nikiona ni ufundi tu. Ukilifikia baada ya saa nzima ya ukuta, si ufundi tena.

Sasa kasoro, maana zipo. Mama na mke wa Pink wamepakwa masizi kupita kiasi. Yeye mwenyewe lawama zake zinachosha, kuna mahali nilitamani kumwambia bwana, oga utoke nje. Sehemu ya mwisho anaota amekuwa dikteta na anatukana weusi, Wayahudi na mashoga kutoka jukwaani. Ni ugonjwa wake unaosema, albamu inataka utishike, ila anayeukuta wimbo huo peke yake ataelewa vibaya. Usimpe mtoto mdogo. Hata hivyo Tommy, albamu ya bendi ya The Who ya 1969 iliyotangulia kuitwa opera ya roki, yaani kisa kizima kwa nyimbo, nimeisikiliza mara tatu: muziki wake mtamu, lakini yule mtoto anayesimuliwa haoni, hasikii, hasemi, nami sikupata pa kumshika. Pink nimempata pa kumshika kwa sababu nimo kwenye mashtaka yake.

Simaanishi kwa mafumbo. Mwishoni kuna kesi, na shahidi wa kwanza ni mwalimu. Hajuti. Anaiambia mahakama kwamba alisema zamani kijana huyu hatafika popote, na kwamba angeachiwa angemnyoosha, lakini mikono yake ilifungwa. Maneno hayo nayajua. Ni ya ofisi ya walimu, chai ya saa nne.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa ajili ya yule mama wa Pink.

Juzi nikiwa nimegeukia ubao, vidole vikaanza tena juu ya dawati. Niligeuka nikamuuliza kijana kama anaujua wimbo unaoutangulia huo. Hakuujua, akadhani namtega. Nimemwambia Ijumaa baada ya vipindi abaki na wenzake, nitakuja na redio.