Duka la mali kauli: mifuko ya kulalia wanauza, sarafu wanaziosha

Naanza na kijana wa kaunta, maana bila yeye nisingeandika chochote. Nimetoka Kimara na mwendokasi, nimeshuka Morocco, nikagombania daladala mpaka huko Msasani, kwenye duka nililowaachia vitu vya urithi waniuzie wachukue chao. Nafika jasho linanitiririka, yeye yuko na simu. Shikamoo hakuna. Akaniangalia mara moja, akarudi kwenye simu yake, kisha akasema, "Maza, zile hela zako nimezifanyia kazi. Zinang'aa sasa."

Nikamuuliza zinang'aa vipi.

Akatoa kisosi chini ya kaunta. Juu yake zimepangwa sarafu za marehemu baba, zinametameta kama vifungo vya bendi ya polisi siku ya gwaride. "Ndimu na majivu," akasema, tena kwa fahari. "Nimekaa nazo toka asubuhi."

Nilikaa kwenye kiti ambacho hata sikukaribishwa.

Baba alikuwa mgumu. Kwa asiyejua, ndivyo wapagazi wa Kilimanjaro wanavyojiita. Alianza kwa kubeba mizigo, baadaye akawa mpishi wa safari, miaka kibao njia ya Marangu: Mandara, Horombo, Kibo, anashuka, anapanda tena. Wageni wakishafika getini wako hoi humwachia mtu bakshishi pamoja na kitu ambacho hawataki kukibeba tena mpaka kwao: koti, fimbo za kupandia, tochi ya kichwani, mfuko wa kulalia wenye manyoya ya bata ndani. Wenzake walikuwa wanaviuza Moshi mjini hata jua halijazama. Baba aliweka. Alipokuja kuishi kwangu uzeeni alikuja na masanduku manne ya bati, na alipoondoka nikabaki mrithi wa vifaa vya baridi kali kwenye nyumba ambayo feni haizimwi.

Sarafu ni za kabla yake, zilitoka kwa babu, zimo kwenye kopo la tumbaku. Senti za mkoloni zenye tundu katikati. Shilingi za simba. Shilingi zetu za mwanzo za mwaka 1966, Mwalimu upande mmoja, mkono ulioshika mwenge upande wa pili. Na moja iliyofungwa peke yake kwenye kitambaa: heller 20, hela ya enzi za Mjerumani, ya mwaka 1916, ina herufi T, yaani Tabora. Mwaka huo Waingereza walikuwa wameziba bahari, pesa kutoka Ujerumani haziingii, basi Wajerumani wakaanza kujipigia sarafu zao hukohuko Tabora kwenye karakana ya reli. Mwezi Septemba majeshi ya Wabelgiji yakaingia mjini na mchezo ukaishia hapo. Siyo ya dhahabu. Ya dhahabu ni ile ya rupia 15 yenye tembo, nayo ilipigwa Tabora hiyohiyo, na ningekuwa nayo nisingekuwa nabishana na watoto wa kaunta. Yangu ni ya shaba tu. Lakini ilikuwa nyeusi vizuri, weusi wa kahawia uliotulia, miaka mia na ushei bila kuguswa na dawa.

Sasa iko rangi ya bomba jipya la maji.

Nikamwambia, mwanangu, umeniharibia. Akacheka. Sikusingizii, alicheka. "Maza, hii siyo hela bwana. Hainunui hata andazi."

Ningekuwa na nguvu ningempa somo zima. Neno "hela" analolitamka kutwa nzima limetoka kwenye hiyohiyo heller iliyolala kwenye kisosi chake. Hiyo ndiyo hela yenyewe, hizo za kwenye simu yake zimeazima jina. Nilichoweza kusema ni, "Niitie mwenye duka."

Kwanini nilikuwa nimeifuata hiyo heller siku hiyo? Kuna mzee mmoja wa Upanga, anakusanya sarafu tangu ujana wake, jirani yangu alimwonyesha picha niliyopiga kabla sijalikabidhi kopo. Akasema heller ile ailetewe, na akataja bei ambayo ingelipa ada ya muhula mmoja na chenji ikabaki. Nilimpelekea hivyohivyo ilivyong'aa, maana nilishaahidi. Aliishika kwenye ukingo kwa vidole viwili, akaweka lenzi jichoni, akaizungusha chini ya taa. "Imeoshwa." Hakuongeza neno. Akanimiminia chai. Baadaye ndipo akanionyesha kwenye lenzi: mikwaruzo membamba kama nywele, yote imeelekea upande mmoja, njia ya kitambaa na majivu. Ule weusi ni ngozi ambayo shaba hujiotesha yenyewe kwa hewa na miaka, ukiikwangua hairudi, na mkusanyaji hulipia ngozi hiyo. Akanipa sehemu ya sita ya bei ya kwanza. Nikakataa kwa hasira, na mpaka leo sijui kama nilikuwa na akili.

Turudi dukani. Mwenye duka ni mama wa makamo, mpole, mwenye sauti ya kutuliza wagonjwa. "Dada yangu, pole sana. Lakini mteja wa Dar anapenda kitu kinachong'aa." Hiyo "lakini" ndiyo iliyonichoma. Nikamwambia tuliandikishana kwenye daftari: mali kauli, asilimia thelathini yenu, inayobaki yangu, basi. Wapi paliandikwa mtaosha? Akafungua daftari, akapekua pole pole, akasema, "Hapajaandikwa pia kwamba tusioshe."

Na kwa kweli hapajaandikwa. Niliangalia mwenyewe. Hata sahihi ni yangu.

Hapa ndipo ninapoanza kupoteza kasi, na nisingependa, kwa sababu nilikaa kuandika haya nikiwa nimeshaamua kuwachafua. Ukweli ni kwamba vitu vya mlimani waliviuza vizuri mno. Mifuko miwili ya kulalia iliondoka ndani ya wiki moja, na hela ikaingia kwenye simu usiku uleule pamoja na ya kutolea. Na ya kutolea! Mnaouza vitu kwa mawinga wa Kariakoo mnajua ninachosema. Kule winga anakuzungusha, anaweka cha juu chake kimyakimya, halafu anakutumia pungufu na meseji ya "boss alishuka bei". Hawa walinitumia mpaka shilingi ya mwisho.

Na aliyeiandaa ile mifuko ni kijana huyohuyo. Baba aliishindilia masandukuni miaka yote, manyoya yakashikana mabonge kama ugali uliolala. Kijana aliifua kwa mkono kwa sabuni laini, akaianika, akakaa siku tatu akiichambua mabonge kwa vidole mpaka ikavimba tena. Kwa hiyo mkono uleule. Mfuko uliofuliwa hupanda bei, sarafu iliyofuliwa hufa. Angejulia wapi? Angeuliza! Simu anayo, siku nzima iko mkononi.

Halafu kuna buti, ambazo ningependa kuziruka. Zilikuwa nzuri kwa macho, ngozi ngumu, hazijachanika popote. Akazinunua bwana mmoja, akaenda nazo milima ya Uluguru. Alizirudisha zikiwa vipande, soli mbali, buti mbali, katikati unga unga kama andazi la juzi. Ndivyo zilivyo buti za zamani: lile povu la poliurethani lililo kati ya soli na ngozi huliwa na unyevu wa hewa taratibu, hata ukiziweka sandukuni bila kuvaa, na unyevu wa Dar hauhitaji kusimuliwa. Kosa langu, nilizikabidhi bila kuzikunja wala kuzibonyeza. Duka lilimrudishia mteja fedha zake na halikunidai. Nilipouliza, yule mama alisema, "Tumeshayamaliza." Basi.

Sasa nitawapa nini watu wa namna hii? Mwanzo niliandika nyota moja. Nikafuta, nikaweka tatu, kwa ajili ya ya kutolea. Kisha nikatoa kile kisosi kabatini (ndiyo, niliondoka na kisosi chao, sikuombi radhi), nikaiangalia heller, nikarudisha moja. Kila nikiiona namkumbuka baba akiifungua kwenye kile kitambaa Jumapili, anatuonyesha kwa mbali, haruhusu mtoto aguse. Kumbe alikuwa anajua. Mpishi wa mlimani, darasa la nne, alijua usichosugua.

Kwa hiyo ukiwa na hema, koti, majiko ya gesi, fimbo, nenda, utalipwa. Ukiwa na sarafu usiende. Au nenda, ila andika kwenye daftari kwa wino mwekundu, HAZIOSHWI, na msaini wote wawili. Au usiende kabisa, kwa sababu mtu asiyeweza kusema shikamoo utamkabidhije urithi? Nilikuwa nimefikia hapo, hilo la mwisho ndilo lingekuwa neno langu.

Jana usiku ikaingia meseji. Namba ya duka, lakini uandishi ni wa kijana. "Shikamoo maza. Lile hema lina mteja, anatoa laki na ishirini. Tumpe?"

Hema hilo ndani linanata, dawa ya kuzuia maji imeanza kubanduka na linanuka kama maziwa yaliyochacha. Nilishawaambia hivyo, wala sikutegemea mtu.

Nimemjibu: Marahaba. Mwambie ukweli kuhusu kunata, na usishuke chini ya laki na nusu. Na usilipake majivu.