Hema la kufyatua au la sleji, kwa uvuvi wa kwenye barafu

Kwenye maziwa yaliyoganda ya Minnesota, Marekani, kama Mille Lacs, upepo ndio mwamuzi. Hema la kufyatua hubebwa mgongoni. Unavuta kitovu cha kila ukuta kwa nje, na cha paa vilevile, mpaka fito zikakamae. Lina nafasi nzuri, lakini kabla ya kufyatua kuta zote, funga kwanza upande unakotoka upepo kwa nanga ya skrubu inayozungushwa ndani ya barafu, la sivyo litaburutwa. La sleji limefungwa kwenye sleji, yaani chombo cha kuburuta juu ya theluji; unalifunika kichwani ukiwa umeshaketi humo, basi. Shida ni uzito wake kwenye theluji nene. Ukiwa peke yako, mimi nasema chukua la sleji. Mkiwa watatu, la kufyatua. Mkiwasha hita, matundu ya hewa yabaki wazi, tafadhali.