Msumeno wa Disston baada ya miezi 14 katika karakana ya milango

Msumeno ninaouhakiki hapa niliununua kwa shilingi 45,000 kutoka kwa muuzaji wa bidhaa za mitumba si mbali na Darajani, ambaye alikuwa ameulaza juu ya turubai pamoja na pasi za umeme, mapangaboi na viti vya kukunja, vyote vikiwa vimeshushwa kutoka katika kontena moja la Ulaya. Bapa lilikuwa limevaa kutu hadi kwenye meno, mpini umepauka kama gogo lililotupwa ufukweni na maji, na muuzaji mwenyewe alinieleza bila ya kuficha kwamba kwa siku tatu hakuna aliyeuuliza bei. Kilichonifanya nichutame ni nishani ndogo ya shaba iliyokaa katikati ya skrubu za mpini. Niliisugua kwa kidole gumba, na chini ya uchafu likajitokeza jina la Disston na la mji wa Philadelphia.

Kazi yangu ni milango ya Kiunguja: miimo, vizingiti, mfaa (ule ubao wa katikati unaoziba mwanya wa mbawa mbili) na mbao za mbawa zake, zaidi kwa mvule, mninga na mfenesi, pamoja na kurekebisha milango ya zamani ya Mji Mkongwe pale mwenye nyumba anapokubali kurekebisha badala ya kung'oa. Kwa hiyo huu ni uhakiki wa mtu anayekata mbao ngumu kwa mkono karibu kila siku, ingawa mashine ya kukatia ninayo, na umeme ukiwepo huitumia bila ya haya.

Aliyeanzisha jina hilo, Henry Disston, alizaliwa Tewkesbury, Uingereza, mwaka 1819, akiwa mtoto wa fundi wa mashine za kufumia lesi. Mwaka 1833 baba yake alimchukua yeye na dada yake wakavuka bahari kwenda Marekani, na siku tatu tu baada ya kushuka Philadelphia baba huyo akafariki, kijana akabaki ugenini hana wa kumshika mkono. (Kwa sadfa tu, mwaka huo huo wa 1833 ndio Seyyid Said alioutilia saini mkataba wake wa biashara na Wamarekani, ambao watu wao ndio waliokuwa wakituletea nguo za merikani na kupakia pembe za ndovu na sandarusi.) Kijana alijifunza kazi kwa watengenezaji misumeno wa mji ule, na mwaka 1840 akafungua karakana yake mwenyewe kwa mtaji wa dola 350. Wakati huo fundi wa Kimarekani aliyejiheshimu alitaka msumeno kutoka Uingereza, wa chuma cha Sheffield, na wa nyumbani aliuona kuwa kitu cha kubahatisha. Disston aliijibu dharau hiyo mwaka 1855 kwa kujenga tanuri lake la kuyeyushia chuma cha pua, kile ambacho wazee wetu walikiita feleji, ili asitegemee tena feleji ya kuagiza.

Biashara hiyo ilikuwa ya ukoo kwelikweli. Mtoto wake mkubwa, Hamilton, aliingizwa katika jina la kiwanda mwaka 1865, na ilipofika mwaka 1871 jina likapanuliwa kuwachukua na wadogo zake. Mwaka 1872 Henry alinunua ardhi Tacony, kando ya mto Delaware, akaanza kuhamishia huko kiwanda na kujenga mtaa mzima wa nyumba za wafanyakazi, na katika hati za viwanja akakataza kuuzwa ulevi, sharti ambalo hapa kwetu lisingemshangaza mtu. Alifariki mwaka 1878. Hamilton alikuwa na mipango mikubwa zaidi ya misumeno: mwaka 1881 alinunua ekari milioni 4 za ardhi Florida kwa senti 25 kila ekari, nyingi yake ikiwa ni vinamasi alivyokusudia kuvikausha. Hata hivyo kiwanda kilibaki mikononi mwa ukoo hadi kilipouzwa mwaka 1955. Ninayataja haya kwa sababu mnunuzi wa leo anapaswa kujua kuwa jina liliendelea kugongwa kwenye misumeno hata baada ya ukoo kuondoka, na kwamba sifa ninazozieleza hapa ni za ile ya enzi yao.

Wangu ni wa umbo lililofanyiwa hataza, yaani haki ya uvumbuzi, mwaka 1874, na umbo hilo hutambulika ukiwa hatua kumi mbali. Misumeno ya kabla yake ilikuwa na mgongo ulionyooka tangu mpinini hadi nchani. Huu mgongo wake umebonyea kwa mkunjo mwepesi, kama mgongo wa punda aliyezeeka kazini, na ubonyeo huo umepunguza uzito wa bapa upande wa mbele. Faida yake utaiona saa ya pili ya kazi, si dakika ya kwanza. Mkono ukishachoka, msumeno wa mgongo ulionyooka huanza kuinamisha pua na kuuacha mstari, wakati huu wenye mgongo uliobonyea hubaki umetulia mkononi. Misumeno mingi ya zamani ya mgongo ulionyooka huwa pia na kijino kimoja kidogo juu ya mgongo, karibu na ncha, na vijana wa karakana yangu wanazo nadharia nne juu ya kazi yake, kila moja ikitetewa kwa sauti ya juu. Kiwanda chenyewe kiliandika kwamba ni pambo tu. Wangu hauna kijino hicho, na sijawahi kukikosa.

Jambo lililo muhimu kuliko umbo halionekani kwa macho. Bapa limesagwa kwa unene usio sawa, likiwa nene kwenye mstari wa meno na jembamba kuelekea mgongoni, tena jembamba zaidi mgongoni kwenye ncha. Shika ukingo wa mgongo kwa vidole viwili karibu na mpini, kisha telezesha vidole kuelekea mbele, utahisi chuma kinavyopungua. Kwa kuwa mgongo ni mwembamba kuliko meno, bapa haligusi kuta za njia linayojichimbia, na meno hayahitaji kulazwa sana huku na huku ili kulifungulia nafasi; njia inakuwa nyembamba, vumbi kidogo, na nguvu inayotumika ni ndogo. Katika mninga mkavu tofauti hiyo huonekana wazi. Katika mfenesi mbichi, ambao nyuzi zake hujifunga nyuma ya msumeno na kuubana, ndiyo tofauti kati ya kukata na kutokata.

Mpini ndio ulionifanya niandike. Ni wa mtofaa wa kizungu, ule wa matunda ya epo, mti mgumu wenye chembe ndogo ambao misumeno ya daraja hili ilivalishwa, na umechongwa kwa mkono wa mtu aliyejua mahali pa kila kidole: vidole vitatu huingia ndani, cha shahada hunyooshwa ubavuni kuelekeza, na pembe ya juu hukaa katikati ya gumba na kiganja, kwa hiyo hakuna haja ya kukamata kwa nguvu. Sehemu ya nyuma ya bapa imekatwa kwa duara na kuzama ndani ya mpini, ambao kwa juu umefungwa, tofauti na mipini ya kawaida ambayo bapa hupasua na kutokeza juu. Mkono wangu ni mkubwa, na mwanzoni nilidhani mpini ni wa mtoto, hadi nilipoacha kuingiza kidole cha nne. Baada ya kutwa nzima ya kukata ndimi za miimo sikuwa na lengelenge hata moja, jambo ambalo siwezi kulisema juu ya mipini ya plastiki iliyojaa madukani.

Kuusafisha kulinichukua siku mbili kwa mafuta ya taa na msasa mwororo uliozungushwa kwenye kipande cha ubao, nikienda polepole ili nisifute maandishi ya kiwanda yaliyochorwa ubavuni mwa bapa, ambayo sasa husomeka kwa shida ukiligeuza kwenye jua. Kabla ya kuutia makali niliupeleka kwa mzee mmoja wa Nungwi, fundi wa majahazi aliyestaafu, mtu wa tezo na keke ambaye misumeno huiamini nusu nusu. Alikunja ncha ya bapa kidogo, akaiachia, akategea sikio mlio wake hadi ukaisha.

"Babu, utafaa tena huu?" nikamuuliza.

"Chuma kizima, mjukuu wangu. Wewe katafute tupa mpya, na meno uyahesabu kabla hujayagusa."

Nikayahesabu. Karibu na kisigino cha bapa, chini ya mpini, pamegongwa nambari 8, nayo ni hesabu ya ncha za meno ndani ya inchi moja ukihesabu na zile za pembeni mbili, hivyo meno kamili ni saba. Hesabu hiyo ni ya msumeno wa kukatia, yaani wa kukata kuvuka nyuzi, na meno yake hutiwa tupa kwa mshazari ili kila moja liwe kama kisu. Wa kupasulia huwa na meno makubwa na machache, yanayotiwa tupa moja kwa moja kama patasi ndogo zilizopangwa. Nililibana bapa katikati ya mbao mbili kwenye jiliwa, nikapitisha tupa ya pembe tatu jino baada ya jino, upande mmoja kwanza na kisha wa pili. Kazi ya kwanza ilikula saa tatu. Siku hizi hunichukua dakika 25, mara moja kwa kila wiki tatu hivi.

Hapo ndipo linapokuja swali la pesa. Misumeno mipya ya shilingi 15,000, ile yenye meno yaliyofanywa magumu kwa joto la umeme hadi ncha zikaingia weusi, ni mikali kweli siku ya kwanza, na sitawadharau wanaoinunua. Lakini meno yake ni magumu kuliko tupa. Ukiipitisha inateleza tu, na yakishakufa msumeno mzima ni wa kutupa. Kabla ya huu nilikuwa nikinunua mmoja kila baada ya miezi miwili au mitatu. Kwa hiyo gharama yangu imekwisha kurudi, ukiacha tupa, ambazo nimemaliza nne. Mtu asiyetaka kujifunza tupa asiununue Disston kwa bei yoyote, kwa maana usiotiwa makali ni wa kutundika ukutani tu.

Nao una mipaka yake. Mwezi wa nne nilikuwa nikikata mwimo ulioliwa na mchwa katika nyumba ya zamani, na ndani yake mlikuwa na msumari wa kufua ambao haukuonekana nje. Meno matatu yalikatika kwa mlio ambao bado nausikia, na sikuwa na njia ila kulisawazisha bapa zima na kuanza meno upya. Tangu siku hiyo mbao za zamani huzipitishia sumaku kwanza, au huzikata kwa msumeno wa bei rahisi. Mbao za tabaka nazo siziwekei msumeno huu kabisa, kwa sababu gundi yake hula makali haraka. Hewa yetu ya chumvi ni adui mwingine: ukiuacha usiku mmoja bila ya kuupangusa, asubuhi utaukuta na madoa ya rangi ya karafuu kavu. Mimi huupaka mafuta ya cherehani kwa kitambaa na kuuhifadhi umefungwa kwenye kipande cha kanga.

Kwa anayetaka kununua, funga jicho moja na uangalie mstari wa meno kama unavyoangalia ubao. Bapa lililovunjika kiuno huachwa hapo hapo, lakini kutu ya juu juu isikutishe. Kisha soma nishani. Wangu wa kwanza, ambao sikuutaja hapo juu kwa aibu, niliuziwa na mtu mwingine kwa jina la Disston kwa shilingi 60,000, na nishani yake ilikuwa na tai na maneno ya kusifu ubora wake bila ya jina la kiwanda chochote. Nishani za aina hiyo zilitumiwa na watengenezaji wengi, Disston akiwemo, kwa misumeno ya daraja la chini. Si mbovu, nao unakata, ila haukustahili bei ile, na ukilipapasa bapa lake utakuta unene ni mmoja tangu meno hadi mgongo.

Wa kupasulia, ule wenye mpini wa matundu mawili ambamo gumba la mkono wa pili huingia, bado sijaupata. Yule wa kontena amenichukua nambari ya simu, na mara mbili ameniita bure kwenda kutazama misumeno ya kukatia chuma.