Nile ya 1951 Sebuleni Kwangu: Uchambuzi wa The African Queen kwenye Blu-ray

Habari zenu, ndugu watazamaji, karibuni. Kabla sijasema neno, angalieni ukingo wa mto huu. Mnawaona mamba wale wakiteleza kuingia majini? Kwenye nakala niliyokuwa nayo miaka yote, ile ya kujaziwa kwenye flashi, walikuwa magogo. Kweli kabisa, nilidhani ni magogo.

Hii ni The African Queen, filamu ya mwongozaji John Huston ya 1951, kwenye diski ya Blu-ray. Sehemu yake ilipigwa hapa kwetu Uganda, Butiaba na upande wa maporomoko ya Murchison, nyingine ikapigwa Kongo. Mimi naongea nanyi nikiwa Hoima, na Butiaba ni huko chini tu, ukishuka ziwani. Kwa hiyo filamu hii naipima kwa macho mawili: la mpenzi wa sinema, na la mtu anayeyajua maji yale.

Kwa nini rangi zimerudi hivi? Kamera ya Technicolor, mfumo wa filamu za rangi wa wakati ule, ilikuwa inagawa mwanga ndani yake, na kanda tatu zikipita kwa pamoja, zote nyeusi na nyeupe. Moja ilishika nyekundu, moja kijani, moja buluu. Sasa kanda zikizeeka hunywea, na hazinywei sawasawa. Ukizipanga tena pamoja, rangi zinapishana, uso unapata kivuli chekundu pembeni, na picha nzima inakuwa kama imefunikwa ukungu. Kwa toleo la Blu-ray lililotoka Marekani 2010, zile negativi za asili, yaani kanda tatu zilizokuwa ndani ya kamera, zilipigwa skani kwa 4K (nukta karibu elfu nne kwa upana), kisha kompyuta ikazilinganisha. Diski yenyewe ni 1080p, yaani mistari 1080 tu, chini ya 4K, lakini msingi wake ni huo, na unauona.

Tazameni ngozi ya mwigizaji mkuu wa kike, Katharine Hepburn, hapa. Madoadoa ya jua yapo, jasho lipo. Tazameni ndevu za mwenzake Humphrey Bogart na kutu ya ile boila ya mashua, African Queen yenyewe. Mnaona na punje ndogondogo zinazotembea kwenye picha? Hizo si chenga za antena, ndiyo filamu yenyewe. Kuna matoleo ya filamu za zamani ambayo punje zimefutwa zote, watu wakabaki na sura za nta. Hapa wameziacha, na nawashukuru sana.

Jana nilimkaribisha mzee jirani yangu, aliyevua Ziwa Albert maisha yake yote. Alikaa kimya karibu nusu saa. Kisha akasema, "Simamisha, kijana." Akasogea mpaka karibu na kioo, akawahesabu mamba mmoja mmoja.

Usafi huu una gharama yake. Kwenye maji ya kasi, kuna mahali waigizaji walikuwa studio Uingereza na picha ya mto ikawekwa nyuma yao. Zamani ukungu ulificha. Sasa unaona kabisa kwamba mashua haiko pale. Mimi hainikeri; ndivyo walivyofanya kazi, na sitaki mtu atumie kompyuta kuficha.

Tuje kwenye sauti, na hapa nawaomba mnisikilize vizuri, kwa sababu wengi wenye hom thieta wanakosea. Sauti ya filamu hii ni mono. Njia moja tu. Ukibonyeza kile kitufe cha rimoti kinachosambaza sauti kwenye spika zote, maneno yanapata mwangwi kama watu wako ndani ya pipa. Acheni spika ya mbele katikati ifanye kazi, sabufa ipunguzeni. Jaribuni pale mwanzo kabisa, kanisani: Hepburn anapiga kinanda, waumini wanaimba kila mtu na njia yake, halafu honi ya mashua inaingia. Kwangu vyote vitatu vilisikika kila kimoja mahali pake. Baadaye msikilizeni Bogart akiipiga teke ile injini. Mlio wake unabadilika, na mnausikia ukibadilika. Muziki ndio dhaifu. Vinanda vikipanda juu, sauti inakuwa nyembamba na inakwaruza masikio kidogo. Mtu aliyezoea mabomu ya filamu za sasa atasema sauti ni ndogo. Aongeze tu, haipasuki.

Setingi za runinga, haraka haraka. Chagueni ile ya sinema, si ile ya rangi kali. Zimeni ya kulainisha mwendo, kwa sababu filamu ni picha 24 kwa sekunde na haitaki kuongezewa. Na pande mbili nyeusi kushoto na kulia ziacheni! Filamu hii upana wake ni 1.37 kwa 1. Ukiivuta ijae kioo, unamnenepesha Bogart au unamkata kichwa.

Mnaponunua, geuzeni kasha. Diski za Blu-ray zimegawanywa kimaeneo. Afrika tuko B pamoja na Uingereza, Marekani ni A, na deki nyingi hukataa diski ya eneo lisilo lake. Yangu dada alinibebea kutoka Uingereza, ikacheza bila shida.

Picha naipa tisa kwa kumi. Sauti saba. Mzee ndiye huyo anabisha hodi, ameleta na wajukuu. Ngoja nizime taa tuanzie pale kanisani.