Kliniki ya matiti, Upper Hill: uchunguzi mzuri, foleni ya kuchosha
Dada yangu, aliyekuwa akitokwa na ute mzito wa kijani kwenye chuchu, alichunguzwa hapa kwa umakini ambao sikuutarajia: daktari aliuliza kama ute hutoka wenyewe au hadi ukamuliwe, kisha akabonyeza taratibu kuizunguka chuchu ili aone ni tundu lipi linaloutoa. Baada ya mamogramu (picha ya eksirei ya matiti) na ultrasaundi, alieleza kwamba mirija ya maziwa imetanuka, hali inayowapata zaidi wanawake wanaokaribia kukoma hedhi na ambayo mara nyingi hutulia yenyewe; ute wa damu kutoka tundu moja ungemfanya ashuku papiloma, yaani kiuvimbe ndani ya mrija, na kuchukua kipande kwa sindano kikapimwe maabara. Malipo ni ghorofa nyingine, na karani wa bima hana haraka.